Kabari Iliyojaza Watu

Juzi mlikuja vijana watatu hapa kwangu Nyakato, mkaniamkia vizuri, mkakaa, mkatoa simu mkanionyesha picha za kabari. Nyembamba. Nene. Ya mabawa manne, na nyingine ya mabawa sita iliyopakwa rangi nyekundu kama gari la zimamoto. Mkasema, “Bibi, mashine ya kupasulia kuni tumeshaiunda. Jeki ipo, injini ipo, imebaki kabari tu. Tuchukue ipi?” Mmoja wenu akaongeza kwamba ile nyekundu ndiyo iliyopendwa na watu wengi zaidi huko mtandaoni.

Hapo ndipo nilipocheka mpaka chai ikanipalia. Mkatazamana, mkadhani bibi kazeeka. Sikuwacheka ninyi, wanangu. Nilikuwa namcheka yule mzee aliyekuwa amekaa nyuma yenu akimenya mihogo, ambaye mlimpa shikamoo ya haraka mkampita. Huyo nitamfikia. Nanyi mkaondoka na picha zenu kabla sijamaliza kukohoa, ndiyo maana naandika.

Swali langu lilikuwa moja tu na hamkunipa nafasi ya kuliuliza. Gogo lipi? Mtu anakwenda kununua kofia bila kujua kichwa ni cha nani.

Mimi naitwa Leokadia, na nilikuwa fundi wa kukereza vyuma kwenye karakana ya shirika moja la umma hapahapa Nyakato, mwanamke peke yangu. Ikafika ile miaka ya tisini, mashirika yakaanza kuuzwa na kufungwa, tukapunguzwa kazini kundi kwa kundi. Mambo yote yalikuwa ruksa wakati ule. Ruksa kuuza mitumba, ruksa kufungua baa mlangoni kwako, ruksa kuwa tajiri na ruksa kulala njaa. Watu wa sangara walijaa mji mzima na malori yao ya barafu. Mama yangu akanitumia salamu kutoka Sengerema: rudi nyumbani, jembe lako lipo, pamba inataka palizi. Nilimpenda sana mama yangu. Jembe sikulipenda hata kidogo, na sitawadanganya leo kwa sababu nimezeeka.

Tulipunguzwa siku moja na Mabula. Mabula alikuwa mchomeleaji, mrefu kama mlingoti, Msukuma wa Magu, mcheza ngoma hodari, na mdomo wake ulikuwa haupumziki. Akichomelea anaimba. Akila anaimba. Mimi nilikuwa simpendi, au ndivyo nilivyokuwa nawaambia watu.

Sasa, Mabatini kulikuwa na tanuri la mikate la Mzee Hari. Mhindi kwa kabila, lakini kazaliwa Mwanza na Kisukuma chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Kwa sababu ya mgao wa umeme alikuwa anaoka kwa kuni, na kuni zilikuwa zinapasuliwa kwa shoka na Mzee Majura na wenzake. Mzee Hari akanunua kwenye mnada greda moja bovu la shirika, lile la kusawazisha barabara. Hakujua alifanyie nini. Sisi tukamwendea, tukamwomba jeki iliyokuwa ikinyanyua jembe la greda, tukamwambia tutamuundia mashine ya kupasua kuni.

“Haya,” akasema. “Mkiniundia mashine ikalisha tanuri langu mpaka Krismasi lisipoe, kazi ni yenu. Likipoa hata mara moja, naiuza chuma chakavu, mashoka yanarudi, na wewe Leokadia unakwenda kwa mama yako kulima pamba.”

Alisema huku anacheka. Lakini Mzee Hari alikuwa anacheka hata msibani, kwa hiyo kicheko chake hakikuwa na maana yoyote. Nilijua atafanya alivyosema.

Tukaunda. Injini tuliitoa kwenye mashine ya kusaga unga, ikazungusha pampu, pampu ikasukuma mafuta kwenye jeki, na jeki ikasukuma gogo juu ya boriti ya chuma hadi likakutana na kabari. Kabari imesimama, gogo ndilo linalokwenda. Mtu wa shoka anapiga kwa kasi, mashine haina kasi, inasukuma polepole kama ng'ombe anayekuegemea zizini. Ndiyo maana kabari ya mashine si shoka lililofungwa bolti, na wengi wenu mnakosea hapohapo.

Tulikubaliana kila kitu isipokuwa kabari. Mimi nilitaka kabari nyembamba, ndefu kwenda juu, yenye makali ya kweli. Niliitengeneza kwa springi ya lori, nikaifua, nikainoa. Mabula alitaka kabari ya msalaba, mabawa manne mapana, ili gogo likiingia moja zitoke kuni nne kwa mpigo. Akaichomelea kwa mabamba ya jembe lilelile la greda. Ilikuwa nzuri, lazima niseme. Aliipaka rangi ya bluu.

“Hiyo yako ni kisu cha kumenyea machungwa,” akaniambia.

“Na hiyo yako ni kaburi la mtu wa dini,” nikamwambia.

Tukanuniana siku kadhaa. Mwishowe Mabula akapata wazo, na mawazo ya Mabula ndiyo yaliyonizeesha. Jeki ile ilikuwa inasukuma ikienda na inavuta ikirudi. Tukaifunga chini ya boriti, tukaweka bamba la kusukumia katikati, kabari yake mwisho huu, kabari yangu mwisho ule. Ikienda inapasua kwa Mabula, ikirudi inapasua kwa Leokadia. Lakini ua wa tanuri kule Mabatini ulikuwa mdogo, mwisho mmoja ungeziba mlango wa kutolea mikate. Ilikuwa lazima moja ibaki na moja iende. Tukamwambia Mzee Hari achague.

Hapa ndipo tulipokosea kosa ambalo nadhani lisingetokea mji mwingine wowote. Kwetu Usukumani ngoma hushindanishwa kwenye uwanja mmoja. Chama cha Wagika kinacheza huku, cha Wagalu kinacheza kule, saa ileile, na hakuna jaji. Watazamaji wanatembea. Upande uliojaza watu ndio ulioshinda, na aliyebaki anacheza na mbwa wawili anakwenda nyumbani kimya. Mzee Hari alikuwa amekulia kwenye viwanja hivyo, na ngoma alikuwa anaipenda kuliko mikate yake.

“Tusigombane,” akasema. “Jumamosi mpasue uwanjani, kila mtu kwenye mwisho wake. Kabari itakayojaza watu ndiyo itakayokwenda Mabatini.”

Na sisi, mafundi wawili wenye vyeti, tukaona ni wazo zuri kabisa.

Jumamosi ile Nyakato nzima ilikuja. Watu wametoka zamu viwandani, mama lishe wameacha masufuria, hata waliokuwa wanapeleka maiti ya bibi yao makaburini Igoma walipunguza mwendo. Mabula alivaa njuga miguuni. Alikuwa ameahidi kuleta chatu kama wacheza ngoma wengine, na namshukuru chatu, maana alikataa. Magogo yalikuwa ya mikaratusi michanga, iliyonyooka, imekatwa juzi, haina kifundo hata kimoja. Mnaelewa? Magogo ya namna hiyo hata ukiyaonyesha picha ya kabari yanapasuka.

Gogo likienda kwa Mabula lilikuwa linatoa mlio, pwaa, na kuni nne zinafunguka pande nne kama ua. Watu wanapiga vigelegele. Bamba likirudi kwangu, gogo linasema krrr, linakuwa mbili, basi. Mama mmoja muuza samaki akaanzisha wimbo palepale: ya Mabula inatafuna, ya Leokadia inalamba. Watu wakaupokea. Nikaona upande wangu unapungua, unapungua, mpaka nikabaki na Mzee Majura.

Mzee Majura nilimfahamu tangu karakana, enzi tulipokuwa tunapasua kuni za kuchemshia lami. Mkerewe wa Nansio, mkubwa wa watu wa shoka wote, na mwenye majivuno nisiyowahi kuyaona kwa mtu mwenye suruali moja. Yeye ndiye aliyenifundisha gogo, kwa kunifinya sikio. Alikuwa analilamba. Kweli, anainama, analamba kichwa cha gogo, anafumba macho, anasema mti gani na umekauka kiasi gani. Ninyi msilambe, kuna miti itawavimbisha midomo. Lakini angalieni anachoangalia baada ya kulamba. Anatafuta ufa mdogo kwenye kichwa cha gogo, kwa sababu mti ukikauka wenyewe unaonyesha unapotaka kupasukia, na pale ndipo makali yanapowekwa. Anatazama ganda: likiwa limenyooka, nyuzi za ndani zimenyooka; likiwa limejisokota kama kamba, na za ndani ni kamba. Nyuzi zilizonyooka zinataka kabari nene, inayotanua, hata isipokuwa kali. Nyuzi zilizosokotana zinataka nyembamba na kali, kwa sababu hazitanuki, lazima zikatwe.

“Shikamoo, mzee,” nikamwambia siku ile ya mashindano. “Afadhali wewe umebaki upande wangu.”

“Marahaba. Sijabaki upande wako,” akasema. “Huku kuna kivuli.”

Tena kulikuwa na habari ya sabuni. Kila baada ya magogo machache nilikuwa naipaka kabari yangu kipande cha sabuni ya mche mbavuni, ili mti uteleze usiing'ang'anie. Fanyeni hivyo, ni rahisi na inafaa kuliko grisi, haichafui kuni. Sasa watu wakaona. Kwenye ngoma zetu upande usio na watu husemwa umezidiwa dawa ya mvuto, kwa hiyo wakapeana habari kwamba Leokadia anapaka dawa na dawa imekataa. Kwa wiki nzima baadaye akina mama walikuwa wananijia kwa siri nyumbani kuomba kipande, wakisema labda kwenye kabari ilikataa lakini kwa mume itakubali. Niliwapa. Ni sabuni, haimdhuru mume.

Msalaba wa Mabula ukaenda Mabatini kwa shangwe. Kabari yangu ikaenda pia, kwa sababu nilikataa kuitupa, ikawa kizuizi cha mlango wa stoo ya unga. Na Mabula, niwe mkweli, hakunicheka. Alinisaidia kuibeba. Aliniambia, “Ya kwako ina makali mazuri.” Nilimwambia anyamaze.

Basi wiki zikaenda, mikaratusi ikaja, msalaba ukatafuna, tanuri likawaka. Nikaanza kuamini kwamba sitalima. Ikakaribia Krismasi. Mji mzima unataka mikate, skonzi na keki. Na watu wa kukausha samaki kwa moshi nao wanataka kuni, wakamwahi muuzaji wetu, wakabeba mikaratusi yote. Asubuhi ya mkesha lori likaingia uani likamwaga mikwaju. Mikwaju mizee, ya kando ya ziwa, iliyojisokota kama mtu aliyelala na tumbo linamuuma, vifundo kila mahali.

Mzee Majura alikuwa langoni. Alikuwa amekuja na shoka lake, amekaa juu ya tofali, ananoa. Akainuka, akalamba gogo moja, akakunja uso.

“Mkwaju,” akasema. “Tena mkaidi. Nawapongeza mapema, maana mchana mtakuwa na kazi ya kufungua bolti.”

“Mzee, wewe unatuombea mabaya?” nikamuuliza.

“Siwaombei. Nanoa tu.”

Watu walikuwa wamejaa kama kawaida, maana Mabatini kuitazama mashine ile ilikuwa starehe ya bure. Mabula akaweka gogo la kwanza. Likaingia kwenye msalaba kiasi cha kiganja, likasimama. Injini ikanguruma, ikatoa moshi mweusi, mpira wa mafuta ukaanza kuvimba. Nikauachia mkono wa mashine. Kurudisha bamba nyuma hakukusaidia, kwa sababu bamba linasukuma tu, halilishiki gogo. Likarudi peke yake na gogo likabaki limeng'ang'ania mabawa manne. Tukapiga nyundo. Tukapiga tena. Yule mama wa samaki alikuwepo, nani angemzuia, akaugeuza wimbo: ya Mabula imetafuna, imeshindwa kumeza.

Muokaji akatoka ndani na unga hadi kwenye nyusi. Akasema makaa yaliyobaki yanatosha mkupuo mmoja wa mikate, baada ya hapo tanuri linapoa. Unga wote umeshakandwa, umeshaumuka, umelala kwenye meza unasubiri.

Mzee Hari akaacha kucheka. Katika miaka yote niliyomfahamu ndiyo mara pekee. Akamtazama Mzee Majura langoni, akamtazama Mabula, akanitazama mimi. Nikaliona jembe la Sengerema, naapa, nikaliona na mpini wake.

Nilikwenda kwenye stoo ya unga nikavuta kizuizi cha mlango. Mlango ukajibamiza. Niliporudi nimebeba kabari yangu, Mabula alikuwa ameshapiga magoti, anafungua bolti za msalaba wake mwenyewe. Hakuna aliyemwambia. Jasho linamtoka, haimbi. Mabula kutoimba nilikuwa sijawahi kumsikia. Tukautoa pamoja na gogo lake, tukauweka pembeni, nikafunga yangu, nikaipaka sabuni.

Sasa sikilizeni, maana hili hamtalipata kwenye simu. Gogo lenye vifundo usilipasue katikati. Mnaona gogo, mnataka kulitoboa moyo. Anzia ubavuni. Toa kipande chembamba upande huu, ligeuze, toa upande ule, limenye kama muhogo mpaka ubaki moyo peke yake, na moyo ukiwa mbishi uache, utaingia tanurini mzima na utawaka hadi asubuhi. Kifundo kielekezwe kwenye bamba, kisielekezwe kwenye kabari, ili ufa ukifika pale uwe umeshapata nguvu. Na mkono wa mashine ushikwe taratibu. Ikigoma, rudisha, geuza gogo, jaribu tena. Usishindane nayo.

Gogo la kwanza likasema krrr. Ubavu ukatoka. Nikaligeuza, krrr. La pili. La tatu. Muokaji alikuwa anazipokea kuni mlangoni kabla hazijagusa chini.

Mtaniuliza kama msalaba haufai. Unafaa, lakini kwa gogo lililonyooka na jeki yenye nguvu. Baadaye tulikuja kuunda nyingine, nyembamba yangu mbele, mabawa ya Mabula nyuma yake kwa upana wa kiganja, yamefungwa kwa pini ya kuchomoa. Gogo linapasuka mbili kwanza, ndipo linakutana na mabawa likiwa limeshachoka. Ukiletewa mkwaju unachomoa pini, mabawa yanakaa pembeni. Kabari ya namna hiyo ndiyo tuliyotumia mpaka nilipostaafu, na ndiyo nitakayowaundia ninyi mkirudi na jibu la swali langu.

Lakini nilikuwa nawaambia habari za mkesha. Kabari yangu, kama mnavyojua, haikuwa na mlio. Watu walikaa kidogo wakisubiri ipwae, haikupwaa. Mama wa samaki akakosa cha kuimba akaenda kuuza samaki. Mmoja mmoja wakaondoka, na mikate ilipoanza kutoka ya moto wale wengine wakahamia dirishani kwa mbele kupanga foleni. Mzee Majura akafunga shoka lake kwenye gunia, akaniaga, akasema huku hakuna kivuli. Mzee Hari alikuwa dirishani anacheka na wateja. Nikajua kazi ninayo. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka, nikaendelea kupasua.

Nilipoinua kichwa ua ulikuwa mtupu. Ule msalaba wa bluu ulikuwa umelala pembeni na gogo lake kinywani, na kando yangu amesimama Mabula. Hakuwa anasaidia, hakukuwa na cha kusaidia. Alikuwa amesimama tu, mikono nyuma, anatazama, kama watu wanavyotazama ngoma.

“Mbona hujaenda na watu wako?” nikamuuliza.

Akaivuta kofia yake, akatazama kabari, akanitazama mimi.

“Nimehamia upande huu,” akasema.

Ndiye yule mliyempita akimenya mihogo. Hajarudi upande wake mpaka leo.